Anayewafundisha Watoto wa Iguhu Kutazama Nyoka

Nyoka akionekana kwetu Iguhu, kinachotangulia ni yowe. Linafuata jembe, halafu panga, halafu umati wa watu wanaobishana alikuwa nyoka gani, ilhali kichwa chake kimeshasagwa na hakuna awezaye kusema kwa uhakika. Wengi watasema alikuwa fira. Nyoka wengi wa kijani wasio na sumu ya kumdhuru mtu, na wale wa kahawia wanaoingia jikoni kufuata panya, wamezikwa kwa jina la fira. Sisemi haya kwa dharau. Mama anayepalilia mahindi akiwa na mtoto mgongoni hana wasaa wa kuchunguza magamba.

Ndiyo sababu naistahi kazi ya mtunzaji mmoja wa nyoka katika Makumbusho ya Kisumu. Mabasi ya shule humletea watoto waliolelewa katika yowe hilo, naye, kwa muda usiozidi saa moja, huwafanya wanyamaze na watazame. Jina lake silitaji. Mwenyewe husema wageni wamekuja kumwona nyoka, hawakuja kumwona yeye. Ninapopata kiti kwenye basi la shule mojawapo ya kwetu huandamana na watoto, na mara zote najikuta nimesimama nyuma kabisa ndani ya nyumba ya nyoka, nikimwangalia yeye.

Safari yenyewe haina mengi. Basi la njano linaondoka Iguhu kabla umande haujakauka, linashika barabara kuu ya Kakamega na Kisumu, linapita Chavakali, Mbale na Majengo katikati ya yale mawe makubwa ya Maragoli, kisha linateremka Kiboswa kuelekea ziwani. Ndani mna nyimbo, mna chapati zilizokusudiwa chakula cha mchana ambazo zimekwisha kabla ya kufika Mbale, na mna mtoto mmoja anayetapika. Njiani wamevuka ikweta na kushuka mita kama 300, ila wanachokijua wao ni kwamba joto limezidi na sweta inawasha.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1980, kando ya barabara iendayo Nairobi. Ukumbini kuna mbuta wa kilo 190 anayewafanya wavulana wakadirie vipande vya kukaanga, na kuna simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu mgongoni. Nje kuna boma la Kijaluo liitwalo Ber-gi-dala, ambapo watoto wetu wa Kiidakho huanza mara moja kulinganisha na kwao: nyumba ya mke wa kwanza imeelekea wapi, ya kijana iko upande gani. Yote hayo ni mazuri, lakini wanyama wa ukumbini wamekufa na hawana haraka. Wanaweza kusubiri hata mtoto mwenye mawazo ya mbali. Kazi ngumu iko kule kwa walio hai.

Nje ya mlango wa nyumba ya nyoka, mtunzaji huwasimamisha wote. Ungetarajia awasomee sheria: msipige kelele, msigonge vioo, msisukumane. Hasomi. Anauliza swali.

“Nyoka ana masikio?”

Nusu ya darasa wanasema anayo, nusu wanasema hana, na mmoja daima husema anayo lakini ameyaficha. Anawaacha wabishane mpaka wachoke. Kisha anawaambia kwamba nyoka hana tundu la sikio, lakini taya lake likigusa chini hupokea mtikiso wa ardhi. “Kelele zenu hazimsumbui sana. Miguu yenu ndiyo anayoijua. Mkikanyaga kwa vishindo, atajikunja nyuma ya jiwe na mtarudi nyumbani mkiwa mmeona jiwe.”

Basi watoto arobaini na kitu wanaingia mle kama wezi wa kuku. Nimemwona mwalimu aliyekwisha kuweka filimbi mdomoni akiirudisha mfukoni polepole. Hakuna aliyeamriwa kunyamaza. Wamepewa habari moja kuhusu taya la nyoka, na habari hiyo imefanya kazi ambayo fimbo ingeifanya kwa dakika mbili tu kisha ikashindwa.

Chumba ambacho yeye hupenda kuanza nacho ni kile kinachoonekana kitupu. Nyuma ya kioo kuna mchanga, majani makavu, kijiti na bakuli la maji.

“Hapa kuna nani?”

“Hakuna mtu!”

“Sijauliza mtu.”

Wanacheka, kisha anaweka masharti. Atakayeona asipige kelele, asinyooshe kidole. Aje amnong’oneze sikioni kichwa kiko wapi. Mkia hauhesabiwi. Baada ya hapo anarudi nyuma, anakunja mikono na kukaa kimya, na mimi naamini kwamba ukimya huo ndio sehemu ngumu kuliko zote katika ufundi wake. Mtu anayejua jibu, mbele ya watoto wasiolijua, akiwa na basi jingine linaloegesha nje, anasubiri. Dakika ya kwanza inapita. Watoto wanaanza kutazamana. Mwalimu mmoja, kwa huruma, anataka kusaidia na anainua mkono kuelekeza; mtunzaji anamtikisia kichwa kidogo tu, kwa heshima, na mwalimu anaushusha.

Safari moja aliyeona wa kwanza alikuwa msichana mfupi ambaye wenzake walikuwa wamemsukuma mpaka mbele kabisa. Alichuchumaa kwa sababu ya kubanwa, na alipochuchumaa, macho yake yakawa usawa wa mchanga. Nilimwona anakaza shingo. Jani moja lilikuwa linapumua. Alilitazama likijaa na kupungua, akalifuata ukingo wake, akapata rangi ya pili, alama ya pembe tatu, halafu nyingine, mpaka akafika kwenye kichwa kipana kilicholala juu ya mchanga kikimwelekea yeye. Alirudi nusu hatua. Kisha akasogea tena mbele, karibu zaidi ya pale alipokuwa mwanzo, ndipo akainuka kwenda kunong’ona. Mtunzaji aliinamisha sikio, akaitikia, akamwambia neno moja: “Usiwaambie.”

Kurudi nusu hatua, kisha kusogea. Nimekuja kugundua kwamba ndicho anachokisubiri kwa kila mtoto, na hukitambua kwenye mabega kabla mtoto hajafungua kinywa. Wale wasioona kabisa huwapa msaada mmoja tu: “Shukeni mpaka usawa wake.”

Nyoka mwenyewe ni bafe. Hakimbii mtu anapokaribia, kwa kuwa ameuamini ule mchoro wa ngozi yake, na hiyo ndiyo sababu ya kukanyagwa na kuuma watu wengi sana barani Afrika. Watoto wakishamwona, anawaambia kwamba katika msitu wa Kakamega, ambao wengine wao wanauona kutoka kilimani kwao, wapo ndugu zake wawili wanaojificha kwa hila hiyohiyo: mmoja ana vijipembe puani, na mwingine ana meno ya sumu yanayoweza kufikia sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka yeyote duniani. Hapo pana minong’ono. Kila mtoto anayeokota kuni anafanya hesabu zake.

Jambo moja sijawahi kulisikia kinywani mwake: “Usiogope.” Wazazi hulisema, walimu hulisema, hata dereva wa basi hulisema. Yeye hapana. Mtoto anayekataa kuingia hupewa ruhusa ya kubaki mlangoni, lakini pia hupewa kazi. “Wewe nihesabie. Yule chatu atatoa ulimi mara ngapi kabla sijamaliza kuwaambia hawa habari zake?” Na mtoto huyo, akiwa mlangoni, anagundua kwamba kutoka pale ulimi hauonekani vizuri. Anasogea hatua moja. Hesabu inampotea, anasogea nyingine. Mwisho wa maelezo yuko kioo kwa pua, akidai kwa ukali kwamba zilikuwa kumi na saba na si kumi na sita.

Ulimi huo watoto wengi wa kwetu huudhani kuwa ndio unaodunga. Anaeleza kwamba unakusanya chembechembe za harufu hewani na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kaakaa, na kwamba umepasuka ncha mbili ili nyoka ajue harufu inatoka kulia au kushoto. Haelezi zaidi. Nimewasikia viongozi wa wageni kwingineko wakimwaga kila wanachokijua mpaka watoto wanaanza kufunguana kamba za viatu. Huyu ana mengi kichwani, lakini hutoa kwa kipimo cha swali lililoulizwa.

Kwa chatu anatega kitendawili.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Nina mgeni, usiku na mchana hajawahi kunifumbia macho.”

Hawapati. Wengine wanasema mwezi, mmoja anasema samaki, na hilo anakubali kwamba si jibu baya. Kisha anawapa shindano: wamtazame chatu machoni, na wa kwanza kupepesa ameshindwa. Hebu fikiria watoto wa Gredi ya 5 wakiwa wamebana nyuso kwenye kioo, machozi yakiwatiririka, wakishindana kukodoa na mnyama ambaye nyanya zao wangewakataza hata kumtaja usiku. Wanashindwa wote. Katika kushindwa huko wamemwangalia jicho: mboni yake ya wima, rangi yake, ile mistari ya giza inayolipitia. Kumbe hana kope. Jicho limefunikwa na gamba moja jembamba lisilo na rangi.

Ndipo anapotoa mfukoni kitu alichokihifadhi ndani ya karatasi. Ni gamba la nyoka lililovuliwa, jepesi na kavu, linalotoa mlio mdogo likiguswa. Linapita mkono kwa mkono. “Nitafutieni miwani yake.” Vidole vinapapasa upande wa kichwa, taratibu kwa sababu gamba likiraruka mchezo umekwisha, na mtoto anayefika hapo anakuta viduara viwili vyeupe, safi, vidogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga. Mmoja alikiinua kimoja mbele ya dirisha akachungulia. Alikuwa anaiona Kisumu kupitia jicho la nyoka, na sikumwonea wivu wa bure.

Mwingine akauliza kama kujivua huko kunauma. Swali zuri, na mtunzaji aliliheshimu kwa kufikiri kabla ya kujibu. Alisema hajui nyoka anahisi nini, ila anajua anachokiona: siku chache kabla ya kujivua, macho ya nyoka huingia ukungu wa kibuluu, haoni vizuri, na hasira zake huwa karibu. “Siku hizo simgusi. Hata nikitaka kusafisha, nangoja.”

Kusafisha huko nimekuona pia, asubuhi moja tulipofika mapema kuliko tulivyotarajiwa. Si jambo la kuonyeshwa wageni na halina mbwembwe. Kwanza funguo. Kisha mlango wa nje unafungwa kabla wa ndani haujafunguliwa, na kwa nyoka wa sumu hafanyi kazi peke yake. Mwenzake lazima awepo, macho yakiwa kwa nyoka na si kwa simu. Anatazama kupitia kioo mpaka ajue kila kichwa kiko wapi. Ikiwa kichwa kimoja hakionekani, mlango haufunguliwi, hata kama wageni wamejaa.

Chombo chake kikuu ni fimbo ndefu ya chuma iliyopindwa ncha. Anaipitisha chini ya tumbo la nyoka, kwenye theluthi ya kwanza ya mwili, na kuinua polepole kiasi kwamba nyoka hana cha kupigana nacho. Wale tunaowaona kwenye video wakimbana nyoka shingoni kwa vidole wanatafuta makofi. Nyoka aliyebanwa ana kila sababu ya kuuma. Huyu wetu hamkamati nyoka. Anampa mahali pa kukaa, na nyoka anakubali kukaa hapo mpaka afikishwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Mwendo wote ni mmoja. Mkono hauongezi kasi hata pale nyoka anapoanza kuteleza, unashuka naye. Aliniambia kwamba mwanafunzi wa kazi hii hufundishwa kwa kupewa nyoka asiye na sumu na kuachwa naye mpaka mikono iache kutetemeka, na hakuna njia ya mkato.

Chakula nacho kina adabu yake. Chatu mkubwa akila leo anaweza kukaa wiki nyingi bila kudai kitu, na nyoka aliyetoka kula haguswi, maana akishtuka atatapika kila kitu. Tarehe za kula na za kujivua huandikwa. Ukizisoma unaona kwamba ustadi wote umesimama juu ya uvumilivu wa kutofanya: leo hali, kesho haguswi, keshokutwa bado.

Ustadi huu una ukoo Afrika Mashariki, na sehemu ya ukoo huo inapita jirani na Iguhu. Mwaka 1914 kijana Mwingereza aitwaye Arthur Loveridge alikuja Nairobi kuwa msimamizi wa makumbusho, akawa baadaye bingwa wa nyoka na vyura wa Afrika katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1936 alimweleza kwa wanasayansi nyoka wa kijani mwenye mkia mweusi, wa jamii ya koboko, anayeishi juu ya miti ya misitu yetu, na jina la kisayansi alilompa lilitokana na Kaimosi: Dendroaspis jamesoni kaimosae. Kaimosi! Mtoto wa Iguhu ana shangazi aliyeolewa huko. Mtunzaji hulitoa jina hilo mwishoni, tena kwa shule za upande wetu tu, na nimeona nyuso zinavyobadilika watoto wanapotambua kwamba mahali panaposhuka matatu za kwao pameandikwa ndani ya jina la mnyama.

Hifadhi ya nyoka ya Nairobi, iliyo ubavuni mwa makumbusho ya taifa, ilianzishwa Januari 1961 ili kuchunguza uzazi wa nyoka, sumu zao na maisha yao. Mmoja wa waliopata kuisimamia alikuwa James Ashe, ambaye mwaka 1980, mwaka uleule Kisumu ilipofungua milango, alianzisha na mkewe shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Fira mkubwa atemaye sumu wa pwani aliitwa Naja ashei kwa heshima yake mwaka 2007. Watu wa namna hiyo waliandika vitabu, lakini namna ya kuushusha mkono nyoka anapoteleza haikai vitabuni. Imetoka kwa mtunzaji hadi kwa mtunzaji, wengi wao wasioandikwa popote.

Kabla ya kutoka, anamwita mvulana mmoja awe mgonjwa. Anamlaza kwenye benchi na kusema ameumwa mguuni. Darasa ndilo litakalotibu. Wanaanza: mfungeni kamba ngumu! Mchanjeni! Mnyonyeni! Wekeni jiwe jeusi! Kila pendekezo analipokea kwa upole, kisha anauliza litafanya nini kwa mguu uliovimba. Kamba itazuia damu na mguu utaoza. Chale itaongeza jeraha. Jiwe halifyonzi sumu. Polepole kinachobaki ni kidogo: mvueni kiatu na bangili kabla uvimbe haujazidi, asitembee, mguu usitikisike, apelekwe hospitali upesi. Kumsaka nyoka ili kumpeleka naye hospitali ni kutafuta mgonjwa wa pili. Walimu yeye huwaambia kando kwamba Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Kwa watoto hatoi takwimu. Wanaondoka na mguu wa rafiki yao waliokaribia kuukata.

Mamba wa nje humpa shida zaidi kuliko nyoka wote, kwa kuwa amelala mdomo wazi na watoto wanaamini ni sanamu. Kijiwe kiko mkononi mwa mtu kabla hujageuka. Dawa yake ni ileile ya kutoa kazi: angalieni tumbo, mniambie kati ya pumzi mbili mnahesabu hadi ngapi. Mdomo ule wazi unapoza mwili. Kijiwe kinaanguka chini.

Ninalo lalamiko, na nitalisema kwa sababu nimelimeza muda mrefu. Tunampelekea fundi huyu watoto, kisha tunamnyang’anya muda. Ziara moja ya siku moja inabeba makumbusho, uwanja wa ndege, bandari, mbuga ya swala wa Impala na supamaketi ya kununua juisi. Halafu watoto wanapewa daftari ili wanakili vibao vya maelezo, majina ya kisayansi na yote, kwa sababu mwalimu mkuu atataka kuona walichojifunza. Nimewaona watoto waliokuwa wamempa nyoka mgongo, daftari limebanwa ukutani, wakihangaika na tahajia ya jina la Kilatini. Nyuma yao nyoka alikuwa anameza panya. Mtunzaji hakusema neno, lakini alikwenda akasimama mbele ya kibao, akakiziba kwa mwili wake.

Yapo pia ambayo watoto wa Iguhu wanayajua kuliko yeye. Bonde letu la mto Yala limefanyiwa utafiti wa malaria kwa miaka mingi; watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na wenzao kutoka Chuo Kikuu cha California wamekuwa wakichota maji kwenye madimbwi na mitaro kwa vikombe vyenye mpini mrefu, wakihesabu viluwiluwi vya mbu. Watoto wamewafuata nyuma tangu wakiwa wadogo, na wasichofundishwa wamekidokoa. Siku moja kando ya uzio wa kobe, mvulana alimsimamisha mtunzaji na kumwambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba kiluwiluwi cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, na kile cha mbu wengine huning’inia kichwa chini.

Angeweza kumwambia “vizuri sana” akaendelea na kobe. Alichuchumaa.

“Ulikuwa umesimama upande gani wa jua?”

Mvulana akaonyesha.

“Kivuli chako kilipofika juu ya maji, alifanya nini?”

“Alizama.”

“Wote wawili?”

Mvulana hakujua. Alisema ataangalia. Wenzake wawili wakasema wao wanalijua dimbwi lenye aina zote mbili, karibu na kwa kina fulani, na ubishi ukaanza juu ya dimbwi gani, ukaendelea ndani ya basi, ukapita Kiboswa, na ulikuwa bado unawaka tulipofika Chavakali.

Mkutano wa wazazi uliofuata niliuhudhuria kama mzazi wa mtoto wa ndugu yangu. Mwalimu wa sayansi aliomba ziara ijayo iwe ya mahali pamoja tu, makumbusho, kwa muda wa saa mbili nzima, bila uwanja wa ndege. Pakazuka zogo. Uwanja wa ndege ndio unaomfanya mtoto atie bidii, alisema mama mmoja, naye hakukosea. Mzee mmoja akauliza kama nyoka huyo wa Kisumu anakula vizuri kuliko watoto wetu, maana nauli ni ile ya gunia la mahindi. Kijana mmoja akataka kujua kwa nini watu wafunge safari kwenda kutazama nyoka kwenye kioo, wakati Isecheno, msituni, ni karibu, waongozaji wapo, na nyoka wamejaa bure.

Mwalimu alimjibu kwamba msituni nyoka hamsubiri mtu. Watoto wakienda kule kabla hawajajua kutazama, wataona miti. Wapelekwe kwenye kioo kwanza, kisha msituni muhula wa tatu, kwa miguu yenye akili. Mwenyekiti aliuliza kama hiyo maana yake ni ziara mbili na michango miwili. Mwalimu akasema ndiyo. Walikokotoa, wakapunguza juisi, wakafuta uwanja wa ndege kwa mwaka huu tu na kwa sharti kwamba urudi mwakani, kisha Isecheno ikaandikwa chini ya Kisumu, na mkutano ukahamia kwenye suala la choo cha wasichana.